Namba Zilifanana

Nikimsikia mtu akisema umeme ni umeme tu, damu inanichemka. Nimezeeka. Nimeacha kugombana na majirani juu ya mipaka ya shamba, nimeacha hata siasa, lakini neno hilo siliwezi. Wajukuu wangu wameshanijua. Wakitaka kunichokoza wananiuliza kwa upole umeme uko wa aina ngapi, kisha wanakimbilia nje wakicheka.

Uko wa aina mbili. Nilifundishwa jeshini wakati wa vita, nikiwa katika kikosi cha redio, na kazi yangu ilikuwa kuchaji betri. Sajini wetu alikuwa Mswahili wa pwani mwenye mdomo mkali na subira nyingi, vitu ambavyo sijaviona tena kwa mtu mmoja. Alitueleza kwamba umeme wa kwanza unakwenda moja kwa moja: unatoka ncha hii ya betri, unapita kwenye waya, unaingia ncha ile, na haugeuki hata kidogo. Mashine ya umeme huo huandikwa herufi D na C kwenye kibao chake cha chuma. Umeme wa pili huenda na kurudi, huenda na kurudi, mara hamsini katika sekunde moja, na mashine zake huandikwa A na C. Mwenzetu mmoja akauliza kitu kinachokwenda na kurudi kinafanyaje kazi na hakifiki popote. Sajini akamwuliza kama hajawahi kuona watu wawili wakipasua gogo kwa msumeno. Msumeno nao haufiki popote, alisema, na mbao zinapatikana.

Kisha akatufundisha habari ya kiazi. Ukiwa mbali na vipimo, alisema, kata kiazi kibichi, uchome ndani yake ncha mbili za waya wa shaba zisigusane, usubiri. Kama umeme ni wa moja kwa moja, nyama ya kiazi itageuka kijani kwenye waya mmoja tu. Kama ni wa kwenda na kurudi, hakuna waya utakaouzidi mwingine kwa kijani. Tulijaribu yote mawili mbele yake na ikawa hivyo hivyo. Nilikiweka kiazi hicho kichwani pamoja na mengine ya vita, bila kujua kwamba kitakuja kunitoa kanisani.

Vita vilipokwisha nilirudi kwetu Kitui na koti la jeshi na cheti kilichokunjwa mara nne. Hakukuwa na betri ya kuchaji. Nilichunga mbuzi wa baba yangu, nikaoa, na serikali ilipogawa mashamba mapya upande wa Makueni, kwenye pori lililofyekwa ili mbung'o waondoke, mimi na mke wangu tukavuka mto na kuhamia huko. Udongo ulikuwa mzuri. Taabu ilikuwa moja: mashamba yalikuwa juu ya kilima na maji yalikuwa chini, kwenye mto wa mchanga, saa nzima ya kupanda na mzigo.

Mke wangu alibeba maji kama wanawake wote wa kwetu, debe mgongoni na ukanda wa ngozi ukipita juu ya paji la uso. Tulipohamia alikuwa na uso usio na alama. Baada ya misimu michache ukanda ulikuwa umemchimbia mfereji pale nywele zinapoanzia, na jioni alikuwa akiukanda kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa nikiuona mfereji huo kila siku na kila siku niliyanywa maji yale.

Ndipo akaja afisa wa maji. Alikuwa Mzungu mrefu aliyejua ng'ombe na majani, na nadhani hata hiyo kazi ya maji alipewa tu kwa sababu hakukuwa na mwingine. Barazani aliahidi kisima kirefu kando ya mto, pampu, na tangi la chuma juu kilimani, karibu na nyumba zetu. Serikali ingeleta mashine. Watu wangechimba mtaro wa bomba kutoka kisimani mpaka kwenye tangi. Karani wake, kijana wa misheni aliyeokoka na kupenda kutuambia tarehe aliyookoka, alitafsiri neno lile "watu", na wanaume wote wakatazama chini, maana tulijua ni wanawake.

Kwetu kazi kubwa hufanywa kwa mwethya. Ni kikundi cha majirani: leo wanalima kwako, kesho kwangu, na kazi hulipwa kwa kazi. Mwethya wa kilima chetu ulikuwa wa wanawake na kiongozi wake alikuwa mke wangu. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na yeye ndiye aliyejua nani hajafika na kwa nini. Walichimba baada ya kutoka mtoni na kabla ya kupika. Udongo mwekundu uliisha mapema, wakaingia kwenye mwamba, na wakaupasua kwa mitaimbo, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Walichimba kiangazi, wakachimba mvua ilipokatika, wakachimba tena. Sijaona jeshi lililofanya kazi kama ile, na mimi nililiona jeshi.

Mimi nilikuwa nimeandikwa fundi kwa ajili ya cheti changu. Mtaro ulipokaribia tangi, mashine zikaletwa kwa lori. Jenereta lilitoka kambi ya jeshi iliyofungwa. Mota na pampu vilinunuliwa mahali pengine, kwenye mnada wa vitu vikuukuu. Pampu ilibidi ikae chini kabisa kisimani, kwa sababu maji hayavutwi kwenda juu zaidi ya kimo fulani, na injini ya mafuta haiwezi kukaa kisimani, moshi wake ungemuua anayeshuka. Kwa hiyo injini na jenereta vikae juu, na umeme ushuke kwa waya mpaka kwenye mota. Mpango ulikuwa mzuri, lazima niseme hivyo.

Nikafuta vumbi kwenye vibao. Jenereta liliandikwa mia moja na kumi, halafu D na C. Mota iliandikwa mia moja na kumi, halafu A na C. Nilirudia kusoma mara tatu.

Mota ya namna ile inazungushwa na huko kwenda na kurudi kwa umeme. Ukiipa umeme usiogeuka, haina cha kuifanya izunguke. Inasimama, inaunywa umeme wote unaopita, inapata moto mpaka vanishi inayofunika waya zake inaungua. Nilimwendea afisa nikamweleza hivyo, kwa adabu zote, kofia mkononi.

"Wewe angalia namba," alisema. "Hapa moja, moja, sifuri. Hapa moja, moja, sifuri. Nini ingine wewe nataka?"

"Bwana, namba ni ya nguvu. Hizi herufi ndizo za aina."

"Hiyo maneno ya kiwanda. Namba iko sawa."

Karani alikuwa kando yake na daftari kifuani. "Ndugu," aliniambia, "Bwana amesema namba ziko sawa. Sasa wewe unabishana na hesabu?"

Ningeweza kumpiga. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu sikumpiga. Nilimwambia afisa nitamwonyesha. Chakula changu cha mchana kilikuwa viazi vitamu, na kimoja kilikuwa bado kibichi. Nikawasha injini, nikakata kiazi, nikachoma waya mbili, tukasubiri. Polepole ukijani ukajitokeza kwenye waya mmoja, ukaenea, na kwenye waya wa pili hakukuwa na kitu ila povu kidogo. Nikakiinua. Nikasema, huu hapa umeme wa moja kwa moja, na mota yetu si ya umeme huu.

Afisa alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema amekuja Ukambani kufanya kazi na mafundi akakuta waganga. Karani hakucheka. Alikitazama kiazi, akanitazama mimi, akaandika kitu kwenye daftari lake. Mtu aliyesoma kuliko wote kwenye kilima kile alikuwa ameona umeme ukijieleza mwenyewe, na alichoona ni uaguzi. Babu zetu walitikisa mbegu kwenye kibuyu kujua mambo, na kwake yeye kibuyu na kiazi vilikuwa kitu kimoja.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walinibakiza baada ya ibada. Walikuwa watatu, wote wakulima, wote wakinijua tangu nilipohamia. Mkubwa wao aliniuliza, kwa huzuni ya kweli kabisa, kama ni kweli nimekiuliza kiazi habari za mashine ya serikali.

Nilipaswa kueleza taratibu. Nilipaswa kuokota kijiti, kuchora chini, kuwaambia habari ya msumeno. Lakini hasira ilinitangulia. "Ndiyo," nilisema. "Nilikiuliza, na kilinijibu vizuri kuliko karani."

Wakanitoa kwenye Meza ya Bwana kwa muda usiojulikana. Mke wangu alikuwa akiningoja nje na wenzake. Njiani aliniuliza wazee walitaka nini, nikamwambia ni upuuzi wa karani. Hakuuliza zaidi. Mimi sikuongeza, kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu nilidhani habari za mota ni za wanaume na maafisa. Nilibishana na Mzungu, nilibishana na karani, niliwajibu vibaya wazee wa kanisa. Wale waliokuwa wakichimba sikuwaambia neno hata moja.

Siku mbili kabla ya kuwasha, mota ikiwa imeshashushwa kisimani, karani alikuja kwenye kibanda cha jenereta. Aliniambia afisa anataka kujua kama nitawasha au atafute fundi mwingine. Nilijua hakukuwa na fundi mwingine karibu kuliko Nairobi. Ningekataa, siku zingepita, huenda mtu anayejua angeitwa akasoma vibao. Nilimwambia nitawasha. Nilijidanganya kwamba mashine yenyewe itakataa mbele ya watu wote, fyuzi itakatika, afisa ataaibika na mimi nitasimama pale nikiwa nimesema kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa hamu yangu, nimeikubali sasa. Nilitaka kuonekana nilikuwa na haki.

Asubuhi ya kuwasha wanawake walikuja na khanga zao za kanisani. Walikaa kwenye udongo waliouchimba, mwisho wa chini wa mtaro, karibu na kisima. Wengine walikuwa wamebaki juu kwenye tangi ili wapige kelele maji yakifika. Mke wangu alisimama mbele. Alikuwa ameacha ukanda wake nyumbani, na alinionyesha mikono mitupu akitabasamu, kama mtu aliyeachishwa kazi mbaya.

Nikawasha injini. Nikafunga swichi. Umeme ukashuka kwenye mota na fyuzi ikakatika papo hapo, kama nilivyotaka. Kazi ya fyuzi ni hiyo, kufa badala ya mashine.

Nikamgeukia afisa. Nilikuwa na maneno yangu tayari.

"Waya dogo," alisema. "Tia mkubwa."

"Bwana, fyuzi imekataa kwa sababu mota—"

"Tia mkubwa. Watu nangoja."

Karani akarudia kwa Kikamba, kwa sauti ya kuwafikia wanawake, kwamba fundi ameweka waya mwembamba na sasa anaweka mwingine. Wote walinitazama. Hapo ndipo ningeweza kuiacha koleo chini na kuwaambia wale wanawake kwa lugha yetu, maneno matatu tu, kwamba mota hii itaungua. Mke wangu angeyaelewa na asingeniacha niendelee. Nikachukua waya mnene, nikaukunja mara mbili, nikaukaza kwenye fyuzi kwa mikono yangu hii. Nikafunga swichi.

Injini ilikoroma na kuinama, kama ng'ombe aliyekwama kwenye mchanga na gari zima nyuma yake. Kutoka kisimani hakukuja mlio wa pampu. Ikaja harufu ya vanishi, ile ile ya jeshini siku redio ilipopigwa bomu, kisha moshi wa kijivu ukapanda kwenye mdomo wa kisima pale maji yalipotakiwa kupita. Nikavuta swichi ili niukate umeme. Umeme wa kwenda na kurudi ukiukata unakatika, kwa sababu kila unapogeuka unapumua kidogo. Ule wa moja kwa moja haupumui. Moto wa samawati ulinyooka kutoka kipande kimoja cha swichi mpaka kingine, ukakataa kuachia, ukanifuata mkononi mpaka nilipozima injini. Kovu lake liko hapa kwenye kiganja, na siku za baridi linakaza.

Afisa alitazama kisima, akasema, "Fundi ya vita. Bure kabisa." Akaingia kwenye gari lake. Karani akawaambia wanawake kwamba fundi ameharibu mashine ya serikali, na kwamba wao wenyewe wamesikia habari ya kiazi. Hakuna aliyelia wala kutukana. Walifunga khanga zao viunoni na kupanda kilima. Kutoka juu kwenye tangi walisikika wale waliobaki wakiuliza kama maji yamekaribia.

Nyumbani mke wangu aliuosha mkono wangu. Alitumia maji mengi, kata baada ya kata, na kila kata ilinichoma kuliko moto. Kisha akakaa kwenye kigoda.

"Baba watoto, ulijua?"

Nikaanza na afisa, namba, karani.

"Sikuuliza hao. Ulijua itaungua?"

"Nilijua."

"Na ule waya wa mwisho, nani aliukunja?"

"Ni mimi. Nililazimishwa."

"Sisi tulilazimishwa kuchimba," alisema, akainuka kwenda kupika.

Kesho yake mwethya ulikuja uani kwangu. Mke wangu alikuja nao, amesimama na wao, si na mimi. Kikongwe mmoja, aliyechimba kipande chake kama wengine, alisema maneno machache. Mwanangu, mwethya haudai mbuzi kwa kazi iliyoharibiwa, unadai kazi. Umekula miezi yetu. Utarudisha. Mke wangu akaweka ukanda wake wa ngozi mbele ya miguu yangu. Hukumu ilikuwa kwamba kila mwanamke aliyechimba nitampandishia debe moja, kutoka mtoni mpaka mlangoni kwake, mgongoni na ukanda kwenye paji la uso.

Asiyejua Ukambani wa siku zile hawezi kujua ilikuwa nini. Mwanaume aliweza kubeba maji kwa punda, au mabegani kwa mti. Kwa ukanda hakubeba. Wanaume walitoka mpaka soko la Tawa kuja kukaa kando ya njia wanitazame. Karani alipita kwa baiskeli, akapiga kengele. Siku za kwanza hasira ndiyo iliyonipandisha. Nilimtukana afisa kwenye kila jiwe, nikamtukana karani, nikawatukana wazee watatu. Ukanda ulinikata paji, shingo ikawaka, na wanawake walinipita na madebe yao wakinisalimu kwa heshima kana kwamba hawaoni kitu. Siku za mwisho matusi yaliniisha nikapanda kimya.

Mota nyingine ililetwa baadaye sana, baada ya kiangazi kilichoua ng'ombe wengi wetu. Iliandikwa D na C. Fundi wa Kihindi aliifunga kwa siku moja, maji yakafika kwenye tangi, na afisa, ambaye alikuwa karibu kuhamishwa, alipigiwa makofi. Mimi hakuna aliyeniambia neno. Wazee walinirudisha mezani bila kutaja kiazi, na karani akaendelea kutufundisha wokovu. Nikiwakumbuka hawa, meno yanasagana mpaka leo.

Lakini kuna siku ninayoikumbuka zaidi. Nilikuwa nimemaliza milango yote ya mwethya na debe lililobaki lilikuwa la mlango wangu mwenyewe. Mke wangu alinisaidia kulishusha, akayamimina maji kwenye mtungi asimwage hata tone. Akaukanda mfereji wa paji lake kwa vidole viwili, na nikajikuta ninaukanda wangu.

"Siku ile ulipokuwa ukiukunja waya," alisema, "ulikuwa unamwogopa nani?"

"Afisa."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia alichokitarajia.

"Mimi hukuniogopa," alisema.

Debe lilikuwa tupu na jua lilikuwa bado juu, kwa hiyo niliuokota ukanda nikashuka tena mtoni.